Jina Nyuma ya Picha

Tarehe 5 Novemba 1943 ndege za manowari ya Marekani USS Saratoga zilishambulia Rabaul, ngome kubwa ya Wajapani kusini mwa Pasifiki. Kamanda wa kundi hilo la ndege, Henry Caldwell, alirudi na ndege iliyotobolewa vibaya kwa risasi. Mpigapicha aliyesafiri naye, Paul Barnett, alikuwa amekwisha kufa. Mpiga bunduki wake, Kenneth Bratton, alikuwa majeruhi. Redio haifanyi kazi, gurudumu ni moja tu, lakini Caldwell aliitua ndege juu ya sitaha. Hapo alikuwapo luteni wa miaka 25, Wayne Miller, kamera mkononi.

Picha aliyoipiga wakati ule imo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Mabaharia wamepanda juu ya ndege na wanamtoa Bratton kwenye kibanda chake cha bunduki. Itazame polepole. Kitu kinachoijaza ni mikono: inayoshika, inayopokea, inayosubiri zamu yake. Ndege yenyewe, ambayo kutua kwake kulikuwa ajabu ya siku, imeachiwa kipande kidogo tu. Mpigapicha mwenye pupa angerudi nyuma ili alipate bawa na gurudumu. Miller alisogea karibu na watu.

Kusogea huko kulikuwa na mwalimu wake. Edward Steichen, mpigapicha mashuhuri aliyekuwa ameongoza upigaji picha wa angani wa jeshi la Marekani kule Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, aliingia katika jeshi la majini mwaka 1942 akiwa na miaka 62, umri ambao wenzake walikuwa wanalea wajukuu. Alipewa kikosi kidogo cha wapigapicha wa kupiga picha za wanahewa wa majini. Miller alikuwamo, pamoja na Victor Jorgensen, Horace Bristol, Charles Kerlee na wengine wachache. Agizo la mzee lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitimiza: pigeni picha za watu. Meli na ndege zitapitwa na wakati, zitakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Sura ya binadamu haichakai.

Anayedhani hiyo ni kazi ya kubonyeza kitufe afikirie mazingira yake. Mwanga wa Pasifiki ni mkali kutoka juu, kwa hiyo uso wa mtu aliyevaa kofia hugeuka kivuli kitupu. Sitaha inatetemeka kwa injini, na upepo unasukuma. Usiku taa zote zimezimwa, na hata mmweko mmoja ungeweza kuwaonyesha maadui meli ilipo. Kamera ya Kodak Medalist, iliyopendwa sana na jeshi la majini, ilitoa picha nane tu kwa filamu moja. Ukimaliza hizo nane unainamisha kichwa kubadilisha filamu, na tukio halikungoji. Ndiyo maana mafundi wale walijifunza kusubiri zaidi ya walivyojifunza kupiga.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya kusafisha picha. Joto la tropiki hulainisha utando wa filamu, na dawa ikizidi joto utando huo huvimba na kubanduka. Kila hatua inahitaji maji safi, ilhali maji ya kuoga na kunywa melini yalitokana na bahari iliyochemshwa na kukingwa mvuke wake, tena kwa mgao. Picha isiyosuuzwa vya kutosha hubaki na dawa ndani yake, nayo huanza kuwa manjano baada ya miaka. Ukiona leo picha ya mwaka 1944 ambayo weusi wake bado ni mweusi na weupe wake ni mweupe, ujue kuna kijana alisimama katika chumba cha giza chenye joto kama la tanuri, akasuuza, akasuuza tena, wala hapakuwa na mtu wa kumsifu.

Ufundi huo ulijua pia kufuata mambo madogo. Katikati ya mwaka 1944 Jorgensen alikuwa katika manowari USS Monterey, ambako wanamaji walikuwa wanacheza mpira wa kikapu ndani ya shimo la lifti ya kupandishia ndege. Akawanasa wawili wakiwa hewani, vifua wazi, wanagombea mpira. Yule wa kushoto ametambuliwa kuwa Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1974. Siku ile alikuwa ofisa kijana aliyeruka kuufuata mpira kama mwenzake. Jorgensen hakuwa na habari ya ikulu. Alichotaka ni mruko, naye aliupata.

Miller aliwafuata pia watu ambao jeshi lenyewe liliwaweka pembeni. Wakati ule mabaharia weusi wa Marekani, wengi wao, walipangiwa kupika na kuandalia maofisa meza, na amri ya rais ya kukomesha ubaguzi jeshini haikutoka hadi mwaka 1948. Miller aliwapiga picha kwa uangalifu uleule aliowapigia marubani. Vita vilipokwisha alifika Hiroshima mwezi Septemba 1945, akawapiga picha waliojeruhiwa na bomu kwa jicho lilelile. Kisha alirudi kwao Chicago kupiga picha za maisha ya Wamarekani weusi wa upande wa kusini wa jiji. Mwaka 1955 alikuwa msaidizi wa Steichen katika kuandaa maonyesho ya Familia ya Binadamu kule New York, yenye picha 503 kutoka nchi 68. Aliyoyaanza sitahani hakuyaacha.

Lakini picha ina upande wa nyuma pia, na huko ndiko kazi nyingi ya vita ilikopotelea. Wakaguzi wa jeshi walipitia kila picha kabla haijatolewa, na wakati mwingine hata mitambo ya rada ilifutwa mlingotini kwa brashi. Picha iliyopita mikononi mwao iliweza kubaki na namba, tarehe na jina la meli, basi. Watu waliomo wakawa mabaharia tu. Picha ya Bratton ina bahati: jina lake liliandikwa. Ndiyo maana baada ya miaka 80 tunaweza kusema mikono ile ilimpokea nani.

Pengo hilo la majina lilizibwa kwa kiasi na mabaharia wenyewe, katika mikutano ya waliokuwa meli moja. Wamarekani wameifanya mikutano hiyo tangu vita vilipokwisha. Mabaharia wa zamani wa USS Yorktown, manowari ambayo sinema ya wakati wa vita ya The Fighting Lady ilipigwa kwa sehemu kubwa ndani yake, wamekutana kwenye meli yao yenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 1975 imetia nanga South Carolina kama makumbusho. Shughuli ya maana katika mikutano ya namna hii haiko jukwaani. Iko mezani, penye albamu. Mzee anaweka kidole juu ya sura, anataja jina, wa pili anakataa, wa tatu anakumbuka kovu la shavuni, hatimaye kalamu inaandika. Kuna subira hapo isiyopungua ile ya chumba cha giza.

Manowari USS Indianapolis inaonyesha uzito wa jambo hili. Ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 30 Julai 1945, ikiwa na watu wapatao 1,195. Waliookolewa baada ya siku kadhaa baharini walikuwa 316. Mpigapicha wa meli hiyo, Alfred Sedivi, alikufa, lakini picha nyingi alizopiga kabla ya siku hiyo zimesalia. Manusura walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1960, wakamkaribisha nahodha wao, Charles McVay, ambaye jeshi lilimhukumu kwa kuiweka meli hatarini. Kumbukumbu walizozikusanya na kuzirudia mkutano baada ya mkutano zilisaidia kulisafisha jina lake, na Bunge la Marekani likapitisha azimio mwaka 2000. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1968.

Vita hivyo viligusa na kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na kikosi cha wanamaji wa akiba tangu mwaka 1933, na mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana Burma. Picha zao zipo London, katika Imperial War Museum, na katika nyingi kati ya hizo maelezo yanataja kikosi na mahali, na mtu mwenyewe anaitwa askari tu. Nyingine zimo majumbani mwetu, ndani ya masanduku ya babu na katika bahasha zilizochakaa.

Kama unayo mojawapo, usingoje. Ipeleke kwa mzee au bibi yeyote anayeweza kuitambua, muulize ni nani, wapi, mwaka gani, chombo gani au kikosi gani. Andika majibu nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu unaweza kupenya hadi upande wa mbele. Hata kama una jina moja tu na huna hakika nalo, liandike, uweke alama ya kuuliza. Atakayekuja baadaye atakuwa na pa kuanzia.