Kilichoirudishia mwanga Toyota IST ya 2004

Kilichofunika taa za mbele za IST si kioo. Ni polikaboneti, plastiki nyepesi isiyovunjika ovyo hata lori likirusha kokoto. Lakini plastiki hii inachubuka upesi, na miale ya urujuanimno ya jua huishambulia mpaka igeuke njano. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mgumu wenye unene wa mikroni chache tu. Peugeot 504 za zamani, zenye taa za kioo halisi, hazikuujua ugonjwa huu.

Gari ninalolichambua lilitengenezwa katika gereji ya Ilala, Dar es Salaam. Sehemu ya juu ya lenzi, inayotazama angani, ilikuwa njano na imeparara. Chini, karibu na bampa, bado palionekana vizuri. Mpangilio huo peke yake unaonyesha kwamba mhalifu ni jua, wala si uchafu. Gari linaloshinda nje mchana kutwa katika jua la pwani yetu huumaliza utando wake kuanzia juu.

Kabla ya kushika msasa, fundi alimwagia lenzi maji. Ukungu ukatoweka, na balbu ikaonekana ndani. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Uso uliochakaa umejaa mikwaruzo na nyufa ndogo ndogo zinazotawanya mwanga. Maji yakizijaza, mwanga unapita tena. Kama lenzi ingebaki na ukungu hata ikiwa imelowa, maana yake ubovu uko ndani, au nyufa zimeingia katika plastiki yenyewe, na hapo msasa hausaidii.

Rangi ya boneti na bampa ilizibwa kwa tepu ya karatasi, kisha ukaanza msasa wa maji namba 800. Maji yaliyochuruzika yalikuwa ya njano: huo ni utando mkuukuu ukitoka. Fundi hakuacha mpaka yakawa meupe kila mahali, hata pembeni ambako lenzi ilionekana nzima. Alifanya vema, kwa sababu utando wa zamani ukibaki viraka viraka, kingo zake huchoreka kama ramani chini ya utando mpya. Zikafuata namba 1000 na 1500, kila moja ikisuguliwa kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza ili michirizi ya nyuma isijifiche.

Mtu asiyejua angeona gari limeharibiwa kabisa, maana lenzi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Wengi hapo hukimbilia polishi, wakapata mng'ao wa kupendeza, wakalipwa. Lakini plastiki hiyo sasa iko uchi. Haina kinga yoyote, na baada ya miezi michache unjano unarudi, tena kwa kasi. Kusugua kwa dawa ya meno kuna kasoro hiyo hiyo: ni msasa laini sana, basi.

Fundi huyu hakupiga polishi. Alifuta lenzi kwa spiriti, akaepuka thina kwa kuwa thina huipasua polikaboneti, kisha akapuliza klia, yaani rangi inayopitisha mwanga, yenye kinga ya miale ya jua, ile inayochanganywa na hadina ili igande. Mkono wa kwanza ulikuwa mwembamba. Akasubiri ukauke kidogo, akaongeza wa pili uliojaa. Papo hapo weupe ukayeyuka. Klia ilifanya kile kile yalichofanya maji, kujaza mikwaruzo, ila yenyewe haikauki ikaondoka. Na ile mikwaruzo ya namba 1500 ndiyo inayoipa mahali pa kushika. Juu ya uso uliong'arishwa sana ingebambuka. Hadina ina kemikali zinazodhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ile yenye vichujio.

Kuna njia ya mkato inayonitia hofu, ya kikombe kinachochemsha kimiminika na kuelekeza mvuke kwenye lenzi. Mara nyingi kimiminika hicho ni cha jamii ya klorofomu. Kinayeyusha ngozi ya plastiki, lenzi inang'aa kwa dakika moja, lakini hakiachi kinga yoyote, na vijana wanaoifanya kazi hiyo kutwa nzima wanavuta sumu. Ningependa iachwe kabisa.

Mwaka 2018 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizofubaa na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipotengenezwa zilifika takriban 70. Asilimia 30 iliyobaki hairudishwi na klia. Sehemu yake hupotelea kwenye kiakisi cha ndani, ambacho nacho huchakaa kwa joto la balbu. Mwenye gari anayesafiri usiku barabara ya Morogoro, ikiwa kiakisi kimeungua, anunue taa nzima.