Korona inavyochambua tishu za jani la mkonge

Jani la mkonge hufikia urefu wa mita moja na zaidi, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Singa kavu inayopatikana humo ni kama asilimia 4 tu. Mashine ya kusindika majani, ambayo katika mashamba ya Tanga huitwa korona, inapaswa kuitenga asilimia hiyo na nyama yote ya jani bila kuikata. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu kuta za seli hutofautiana mno kutoka tishu moja hadi nyingine.

Tabaka la nje ni epidemisi. Seli zake zimebanana na kupakwa nta nzito, na stomata zake hufunguka usiku na kufungwa mchana, desturi ya mmea uliotoka nchi kame. Asili ya mkonge ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 kupitia Florida, na inasimuliwa kwamba kati ya miche yake ni 62 tu iliyofika hai. Nta hiyo huukinga mkonge na jua, lakini korona huiparua mara moja.

Chini ya epidemisi imejaa parenkima. Hizi ni seli hai, zenye kuta nyembamba na vakuoli kubwa zilizojaa maji. Zilizo karibu na uso wa jani zina kloroplasti na hutengeneza chakula. Za ndani zaidi huhifadhi maji. Baadhi hubeba fuwele za oksalati zenye ncha kama sindano, ndiyo maana utomvu wa mkonge huwasha ngozi ya mkataji. Seli ya namna hii ikibanwa hupasuka, na hapo ndipo mashine inapopata upenyo.

Singa yenyewe ni sklerenkima. Kila seli yake ina urefu wa milimita chache tu. Inapokomaa hujenga ukuta mnene wa selulosi, huukaza kwa lignini, kisha hufa na kubaki mrija mtupu. Singa ya mita moja, kwa hiyo, si uzi mmoja. Ni maelfu ya seli zilizopishana ncha na kugandamana, na jani moja lina singa kama 1,000. Zilizo kando ya jani ni nene, na kazi yake ni kulishikilia lisipinde. Zilizo katikati huandamana na mirija ya kusafirishia, zailemu ya maji na floemu ya sukari; ni bapa na hupasuka kwa urefu kwa urahisi. Nyuzi za upande wa zailemu zina kuta nyembamba na nyingi huvunjikia mashineni. Ndiyo maana fungu moja la katani huwa na singa za unene tofauti.

Ndani ya korona, jani hupondwa kwanza, kisha hupitishwa mbele ya ngoma inayozunguka kwa kasi, yenye visu butu. Ubutu huo ni wa makusudi: kisu kikali kingekata kila kitu, ilhali kisu butu hupasua parenkima na kuiparua, huku sklerenkima ikijikunja bila kukatika. Maji mengi humiminwa ili kuondoa nyama na utomvu. Kwa kuwa sehemu iliyoshikwa haiwezi kuparuliwa, jani husafishwa upande mmoja, mshiko huhamishwa, kisha ngoma ya pili humalizia upande uliobaki. Baadaye singa huanikwa juani na kupigwa brashi.

Muda ni jambo la kuangaliwa sana. Jani lililokatwa na kuachwa hadi likaanza kukauka huigandisha parenkima yake kwenye singa, na visu havitaitoa vizuri. Singa ikilowekwa kupita kiasi nayo huharibika: bakteria huanza kula kilichozigandisha seli, na uimara wake hupungua japo kila seli ingali nzima.

Kwa wanyama, kazi ya kustahimili mvuto, ambayo kwenye mkonge ni ya singa, hufanywa na tishu unganishi, kwa mfano kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Muundo wake ni mwingine kabisa. Nyuzi za kano ni kolajeni, protini inayotolewa na seli na kupangwa nje yake, na seli hizo hubaki hai katikati ya nyuzi, zikizikarabati polepole. Mkonge hauna ukarabati huo. Ukuta wa seli iliyokwisha kufa ndio nguzo yenyewe.

Asilimia 96 ya jani iliyobaki hutoka kiwandani kama majimaji na makapi. Utomvu una hekojenini, malighafi ya kutengenezea dawa za steroidi. Makapi huweza kuvundikwa yatoe biogesi, kama ilivyofanywa Hale, mkoani Tanga: parenkima isiyo na lignini humeng'enywa upesi na bakteria, lakini vipande vya singa vilivyoponyoka kwenye ngoma huchelewa sana kuoza.