Sauti Mbele, Alama Nyuma

Kufundisha nadharia ya muziki kwa intaneti ni ufundi, na kiini chake ni kujua kipi kisikike kabla ya kipi kuonekana. Mwanafunzi wa Matsangoni, pale kati ya Kilifi na Malindi, anaweza kukariri kwamba mistari ya nota ni mitano na kwamba oktava ina nusu toni 12, akapasi mtihani, na bado asizitambue sauti hizo zikipigwa. Somo lililoandaliwa vyema huanzia kwenye kile ambacho sikio lake limeshazoea. Wimbo wa Taifa la Kenya ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, ukaundwa upya mwaka 1963 na jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Thomas Kalume na George Senoga-Zake. Mtoto huuimba kwenye gwaride miaka mingi kabla ya kuambiwa nota ni nini. Mwalimu akiupiga polepole, huku nukta ikipanda na kushuka kwenye skrini pamoja na sauti, mwanafunzi anaona umbo la kitu alicho nacho tayari.

Uzuri wa vifaa vya kidijitali hudhihirika zaidi kwenye mdundo. Chukua kayamba la Wagiriama: matete yaliyofungwa bapa, ndani yake mbegu ngumu, likitikiswa huku na huku. Rekodi yake ikifunguliwa katika programu ya bure kama Audacity, kila mtikiso huonekana kama kilima kidogo. Mwalimu hupunguza kasi, akachukua vilima sita, akavipaka rangi vitatuvitatu, kisha viwiliviwili. Sauti ni ileile, lakini mguu unaohesabu mbili sasa unahesabu tatu. Kitabu huhitaji ukurasa mzima kueleza jambo hilo, na msomaji huenda asilisikie kamwe. Wala wazo hili la kuunganisha sauti na kinachoonekana si geni: mfumo wa kuandika do-re-mi kwa herufi, uliobuniwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, uliunganisha sauti, herufi na ishara za mkono, na kwaya zetu bado zinautegemea.

Wapo wanaohofu kwamba programu nyingi za muziki zimejengwa juu ya mpangilio wa piano, hivyo zitazinyoosha sauti za kwetu kwa nguvu. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kipimo kinachogawa nusu toni katika senti 100 ndicho kinachoweza kuonyesha kwamba mwimbaji amekaa kati ya vitufe viwili, tena kwa makusudi. Kosa huja pale mwalimu anapoiita sauti hiyo mbovu. Wengine husema muziki hufunzwa uwanjani, watu wakiwa bega kwa bega, nami nakubali kabisa kuhusu uchezaji. Nadharia lakini hudai kurudia kitu mara 20 bila kumchosha mpigaji, na rekodi haichoki. Gharama ya bando ndiyo pingamizi nzito kuliko zote. Fundi wa kweli hujibu kwa kupunguza: huacha video ndefu, akatuma kwa WhatsApp sauti ya dakika mbili na picha moja ya nota, kisha akamtaka mwanafunzi amrudishie uimbaji wake kwa ujumbe wa sauti, ili asikie ni kwenye nota ipi hasa anapoteleza.