Kusomea msitu wa kambi ya jeshi

Wandugu, mwenye kutafuta masta ya mazingira Marekani atakutana na hii: kusimamia mali asili kwenye ardhi za jeshi. Colorado State University iko na kituo kizima cha kazi hiyo. Msingi ni sheria iitwayo Sikes Act, ya 1960. Tangu 1997 inalazimisha kambi kuwa na mpango wa mali asili, unaokubaliwa na idara ya wanyamapori, na kupitiwa walau kila miaka 5.

Matunda yapo. Kule Fort Bragg kuna gogota anayetoboa misonobari mizee. Miti yake inapakwa mstari mweupe ili askari waitambue, msitu unachomwa kwa utaratibu, na ndege wameongezeka. Hapo nasifu.

Lakini sheria ileile inataka mpango usipunguze uwezo wa ardhi kutumikia jeshi. Basi swali kubwa, kama jeshi linahitaji ardhi ile kweli, limefungwa mbele mwanafunzi hajaingia darasani. Wafugaji wa Piñon Canyon, kule kule Colorado, walinyang'anywa ardhi kupitia mahakama 1983. Gogota analindwa, wao je?

Kwetu Rumangabo, makao ya Virunga na kambi ya jeshi ni majirani. Ukirudi na diploma ile, komanda gani atasaini mpango wako?