Jini Hutoweka kwa Mkato Mmoja

Tazama jini anavyotoweka katika filamu zetu za kutisha za Tanzania za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kamera iko kwenye miguu mitatu. Mwigizaji anaganda, kamera inazimwa, anaondoka, inawashwa tena. Mhariri anaunganisha vipande viwili, na mtu kayeyuka. Georges Méliès alifanya hivyohivyo Ufaransa mwaka 1896. Mbinu hii haina gharama ila ina masharti: kamera isitikisike, waliobaki kwenye picha wasisogee, mwanga usibadilike. Ndiyo maana majini wetu hupenda kutowekea sebuleni. Jaribu nje, Tukuyu au Uyole huko Mbeya, wingu moja likatize katikati ya vipande hivyo, siri imevuja.

Mwongozaji Mussa Banzi na kundi lake la Tamba Arts walifanya kazi ndani ya mipaka hiyo. Filamu yao Nsyuka ilichukua jina lake kwa Wanyakyusa, na kwa mtazamaji wa Mwanjelwa nusu ya kazi ya kutisha ilikuwa imeshafanywa na hadithi za bibi yake. Mwaka 2005 ikaja Shumileta, Jennifer Mwaipaja akiwa malkia wa majini aliyempenda binadamu. Jina hilo lilimganda mwigizaji mwenyewe, na hadi leo watu hulitaja.

Kilichozibeba filamu hizi, kwa maoni yangu, ni sauti. Kuongeza mwangwi kwenye kicheko hakugharimu kitu, na ndani ya kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, chenye spika moja kubwa, kicheko hicho kilikufikia kabla hujamwona mwenyewe. Halafu kulikuwa na msaidizi asiyelipwa: kanda ya VHS. Kila ilipodurufiwa picha ilififia, na kingo za mzimu uliobandikwa kwa kompyuta zikafifia nazo. DVD ilipokuja na picha safi, ubandikaji ukaonekana wazi.

Uganda, mwongozaji Isaac Nabwana wa Wakaliga alipita njia nyingine. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ambayo bajeti yake hutajwa kuwa chini ya dola 200, haifichi ubandikaji wake. Msimulizi VJ Emmie anapiga domo ndani ya filamu yenyewe, akiitania na kuisifu, kama walivyozoea watazamaji wa vibanda, ambako huku kwetu akina Lufufu walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Ukicheka, umecheka pamoja nayo. Ndiyo maana imepata mashabiki hadi ng'ambo. Banzi hakujipa kinga hiyo. Alitaka uogope kweli, na hilo ni gumu zaidi.

Na kwa mtengeneza filamu wa Iringa anayetaka ngome ya mchawi na hana hela ya mbao za kujengea seti, nguzo za asili za Isimila ziko kilomita kama 20 tu kutoka mjini. Apige alasiri vivuli vikirefuka, na sauti airekodi chumbani.