Hoja ya Diski Rahisi: Jina na Ahadi ya RAID

Makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyotolewa mjini Chicago mwaka 1988, ina kurasa nane tu. Walakini ni vigumu leo kuikuta seva isiyodaiwa na kurasa hizo. Hoja yao yaeleweka upesi. Badala ya kununua diski moja kubwa ya thamani, kama IBM 3380 ya zama zile, zikusanywe diski ndogo nyingi za bei rahisi, zifanye kazi pamoja kama diski moja.

Sifa kubwa ya makala ni kwamba yaanza kwa kujishtaki yenyewe. Ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000, basi kati ya diski 100 moja itakufa katika saa 300, muda usiotimia wiki mbili. Dawa ni kuweka ziada. Diski nne zikiwa na tarakimu 0 au 1 katika kila nafasi, ya tano huandika kama jumla yao ni shufwa au witiri. Ikifa mojawapo, zilizobaki hutoa ushahidi wa kilichokuwamo. Katika daraja la nne ushahidi huo wote hukaa katika diski moja, na kila andiko dogo hulazimika kuingojea. Katika daraja la tano hutawanywa katika diski zote, na foleni hukatika. Sehemu hiyo imeandikwa kwa ustadi usio na maneno ya kupoteza.

Jina ndilo lenye taabu. Neno la Kiingereza la urahisi wa bei lilikuja kuachwa na wenye viwanda, wakaweka la kujitegemea, na herufi zikabaki zile zile. “Ziada” nayo yapotosha katika Kiswahili, kwa kuwa cha ziada chaweza kutupwa bila hasara. “Akiba” ingekaribia maana zaidi. Baadaye ikaongezwa daraja sifuri, ambayo haimo katika makala ya asili: data hugawanywa kwa diski kadhaa bila akiba yoyote, hata kifo cha moja ni msiba wa zote. Kuiita RAID ni kuita ua lisilo na miti.

Kasoro iliyo nzito zaidi imo katika hesabu. Dhana yake ni kwamba kila diski hufa kwa ajali yake peke yake. Waandishi waligusia tetemeko la ardhi na msukosuko wa umeme, kisha wakapita. Lakini diski za seva moja hushiriki sanduku, joto na umeme, na mara nyingi umri pia. Mwaka 2007 Gibson huyo huyo, pamoja na Bianca Schroeder, alichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000. Ahadi za watengenezaji zilimaanisha hasara isiyozidi asilimia 0.88 kwa mwaka; zilizobadilishwa aghalabu zilikuwa asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine zilifika 13. Tena hazikubadilishwa kwa nasibu tu: moja ilielekea kufuatwa na nyingine. Ni nadra mwanachuoni kurudi kuipima dhana yake mwenyewe kwa mizani kali namna hiyo.

Kuhusu mafungu ambayo Linux iliyapata kwa programu ya Heinz Mauelshagen mwaka 1998, yaitwayo ya “kimantiki”, neno hilo halifai sana. Mantiki ni elimu ya kufikiri sawasawa, na fungu la diski halifikiri. “Fungu la hesabuni” lingesema wazi kwamba mipaka yake imo katika daftari la kompyuta, si katika chuma, ndiyo maana laweza kupanuliwa likiwa kazini. Hata hivyo fungu lililotandazwa juu ya diski mbili bila akiba huharibika ikifa mojawapo.

Wala akiba ya RAID si nakala. Mtu akilifuta kwa makosa faili la kamusi nzima, diski pacha hulifuta dakika ile ile, kwa utiifu kamili.