Gitaa na Ukumbi wa Kuazima

Sehemu kubwa ya Shinyanga ni mbuga tambarare. Manju anayesimama uwanjani mbele ya wacheza ngoma, awe wa Bagika au wa Bagalu, hana dari wala ukuta wa kumrudishia sauti. Neno likishatoka kinywani limekwenda, na kijembe kisichosikika kwa wapinzani papo hapo ni kazi bure. Ushairi wa mashindano wa Wasukuma umejengwa juu ya ukavu huo.

Gitaa la umeme lilikuja na ukumbi wake. Mwaka 1961 kampuni ya Fender ilianza kuuza kisanduku cha riverbu: umeme wa gitaa hutikisa springi, mtikisiko hurejea umechelewa na kujikariri, na sikio likadhani limo ndani ya jumba kubwa. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta, tena bila gharama, na fundi humimina mwangwi kama mpishi anayemwaga tui lote chunguni. Nyimbo nyingi za Kisukuma zinazosambazwa kwa simu kutoka Kahama hadi Geita zimekumbwa na hali hiyo.

Wapenzi wa shairi wataelewa hasara yake kwa hesabu ndogo. Mwimbaji akitamka mizani 4 kwa sekunde, na mwangwi ukadumu sekunde 2, basi mizani 8, yaani kipande kizima cha mshororo, huwa bado inaelea kipande cha pili kikianza. Kina cha kati hakipati pa kutua. Kisukuma kinaumia zaidi, kwa kuwa ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, wala si pambo.

Haifai, hata hivyo, kuulaani mwangwi wote. Nico Kasanda wa Kongo (1939–1985), aliyeitwa Docteur Nico, alilipigia gitaa lake ndani ya mwangwi mzito, na ni nani angethubutu kumpunguzia? Lakini uzuri wake hung'aa zaidi pale mwimbaji anaponyamaza na kuliachia gitaa uwanja. Yeye alijua nani yuko zamu.

Mfano wa pili una undugu na Shinyanga. Almasi ya Mwadui, mgodi ulioanzishwa mwaka 1940, ilipelekwa Iringa kukatwa katika kiwanda cha Tancut, na kiwanda hicho kikawa na bendi, Tancut Almasi Orchestra. Katika rekodi zake za miaka ya 1980, magitaa hupokezana karibu na sikio, na Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa husikika neno kwa neno. Ufukara wa mitambo ulichangia, bila shaka. Sikio la wapangaji lilichangia pia.

Fundi wa leo anaweza kuacha beti kavu na kuufungulia mwangwi kwenye kiitikio tu, au kuuondolea besi ili usifunike sauti ya mwimbaji. Wimbo wenyewe utakwenda kusikilizwa Katoro, sokoni, kwenye spika iliyowekwa mlangoni mwa duka, chini ya mabati yanayorudisha kila mlio. Mwangwi wa ziada tayari uko pale ukingoja.